Je, Mkristu Hukosa Akidai Haki Yake mbele ya Mkubwa?

Katika vijiji vya Annexe, ile komini kubwa inayouzunguka mji wa Lubumbashi kama vile ua unavyoizunguka nyumba, jambo kama hili laweza kutokea siku yoyote. Kijana mmoja ameshtakiwa kwamba ameiba baiskeli pamoja na magunia ya makaa yaliyopakiwa juu yake, naye amekimbia. Askari wanafika usiku wala hawamkuti. Basi wanamkamata baba yake, mzee aliyekwisha kuota mvi, wanamtia kasho, na kumwambia kwamba atatoka siku mwanawe atakapoonekana, au siku jamaa zake watakapoleta fedha. Usiku wa kwanza unapita, na wa pili, na wa tatu. Mkewe anampelekea bukari asubuhi na jioni. Jumamosi, saa ya mafundisho, mkatekumeni mmoja anasimama na kuuliza: Mwalimu, mzee huyu afanye nini? Bwana Wetu ametuagiza tumgeuzie shavu la pili yule atupigaye, na Mtume Paulo amewafundisha Waroma ya kuwa mamlaka yatoka kwa Mungu. Je, mtu anayejiweka tayari kwa Batizo akisema mbele ya mkubwa kwamba ameonewa, hatendi dhambi?

Swali hili ni zito, nalo hujibiwa mara nyingi upesi kupita kiasi. Wako wasemao kwamba Mkristu mwema hunyamaza, huteseka na kungoja mbingu. Wako na wengine, hasa vijana, wasemao kwamba wakubwa wote ni wezi, hivyo hapana haja ya kumtii hata mmoja wao. Majibu hayo mawili yanafanana katika jambo moja: yote huwaondolea watu taabu ya kufikiri.

Yafaa kwanza kumtazama Bwana Wetu Yezu Kristu mwenyewe. Usiku ule alipoletwa mbele ya Anasi, mtumishi mmoja alimpiga kofi kwa sababu ya jibu alilolitoa. Mtakatifu Yoane ameeleza yaliyofuata. Yezu hakumrudishia kofi, wala hakumlaani. Lakini hakunyamaza pia. Alimtaka aonyeshe kosa kama amesema vibaya, na kama amesema vema, aeleze kwa nini anapigwa. Basi Yeye aliyetufundisha habari ya shavu la pili, siku aliyopigwa shavuni, aliuliza sababu. Maana yake ni nini? Ni kwamba kugeuza shavu ni kukataa kisasi, wala si kukubali kwamba uwongo ni kweli. Kisasi na ukweli ni vitu viwili.

Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja. Kule Yeruzalemu, alipokwisha kufungwa kamba ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida wa askari kama sheria inawapa ruhusa kumpiga raia wa Roma kabla hajahukumiwa. Neno hilo moja liliwatia hofu, wakamwacha. Kule Filipi yeye na Sila walikwisha kupigwa na kutiwa gerezani. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma habari kwamba wafunguliwe waende zao. Paulo akakataa kutolewa kwa siri. Akataka wakubwa waje wenyewe, wawatoe mbele ya watu. Msomaji aweza kudhani kwamba hapo Mtume alifanya kiburi. Lakini akumbuke kwamba katika mji ule alikuwa anawaacha Wakristu wachanga, akina Lidia na yule mlinzi wa gereza na nyumba yake. Kama Paulo angaliondoka kimya kama mkosaji, watu wale wangalibaki na sifa ya kuwa wafuasi wa mkosaji. Haki aliyoidai ilikuwa ngao yao kuliko yake.

Hata hivyo sheria ya Roma iliwakinga raia wake tu, nao walikuwa wachache. Mtumwa hakuwa na neno la kusema, wala mgeni, wala mvuvi wa Galilaya. Katika Kongo hali si hiyo, kwa sheria iliyoandikwa. Katiba, ambayo ni mama wa sheria zote za nchi, ilikubaliwa na wananchi kwa kura mwezi wa Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Katika kifungu cha 11 imesema kwamba watu wote huzaliwa huru, na kwamba heshima yao na haki zao ni sawa. Katika kifungu cha 16 imesema kwamba mtu ni mtakatifu, na kwamba serikali imefungwa kumheshimu na kumlinda. Ni ajabu kidogo kuliona neno hilo katika sheria ya dola isiyofungamana na dini yoyote; neno ambalo watu wa vijijini hulisikia kanisani, likisemwa juu ya vyombo vya altare. Hapa limesemwa juu ya mchoma makaa.

Na juu ya yule mzee wa kasho, Katiba haikukaa kimya. Kifungu cha 17 chasema kwamba mtu hawezi kukamatwa wala kushikwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Kifungu cha 18 chaongeza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoifahamu. Kwamba anayo ruhusa ya kuonana mara moja na jamaa zake au mtetezi wake. Na kwamba polisi hawawezi kumshika kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe kwa wakubwa wa sheria. Basi mzee yule ameonewa kwa namna mbili: ameshikwa badala ya mwanawe, na saa zimepita. Wanaosoma Biblia watakumbuka kwamba nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kuwakataza watu wa Israeli wazo hilo la mtoto kubebeshwa uovu wa baba, au baba uovu wa mtoto. Neno la nabii lina umri wa miaka zaidi ya 2,500, na bado askari wengine hawajalisikia.

Lakini hapa lazima kuuliza swali lenye kina zaidi. Je, ni Katiba iliyompa mzee huyo haki yake? Kongo imekuwa na sheria kuu nyingi: ile Sheria ya Msingi ya mwaka 1960, Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964, ile ya mwaka 1967, na nyingine baada yake. Karatasi hubadilika. Kabla ya hizo zote ulikuwako utawala wa Wabelgiji, na wazee wa Lubumbashi wamewasimulia watoto wao habari ya Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière walipokusanyika katika uwanja wa mpira wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawapiga risasi. Wakati ule hapakuwa na karatasi ya kuwatetea. Je, hawakuwa na haki? Hasha! Kama haki ingalikuwa zawadi ya serikali, basi serikali isipoitoa, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini kila mtu mwenye dhamiri ajua kwamba wale walidhulumiwa. Hii ndiyo alama ya kwamba haki ilikuwako kabla ya karatasi. Mwenyezi Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, akampa akili na utashi. Na serikali, ikiandika haki za mtu, inakiri tu jambo ililolikuta. Papa Yoane XXIII aliwafundisha hivyo Wakristu na watu wote wenye nia njema katika barua yake Pacem in Terris ya tarehe 11 Aprili 1963. Humo alieleza pia kwamba kila haki ina wajibu ulioshikamana nayo, na kwamba amri iliyo kinyume cha sheria ya Mungu haiwezi kuifunga dhamiri ya mtu.

Kwa hiyo fundisho la Paulo kwa Waroma halipingani na Paulo aliyemwuliza akida. Mamlaka yatoka kwa Mungu. Ndiyo maana mkubwa si mwenye mali, bali ni msimamizi, naye ana Bwana wake juu. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 28, yasema kwamba mtu hapaswi kutimiza amri ambayo ubaya wake mbele ya sheria ni wazi. Mwaka 1990 na kitu hakuna aliyejua kwamba mvulana mmoja wa Goma angelitoa ushuhuda wa jambo hilo. Huyo ni Floribert Bwana Chui, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichooza kipite na kuliwa na watu, naye akauawa Julai 2007. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Hakuiasi serikali; aliitumikia kuliko wale waliotaka apokee fedha.

Je, na msamaha? Mwenye Heri Isidore Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906, alipigwa kikatili na Mzungu msimamizi wa shamba kwa sababu ya skapulari yake, akafa kwa madonda yale tarehe 15 Agosti 1909. Alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Lakini alipoulizwa ni nani aliyemtenda hivyo, hakuficha. Alisamehe kwa moyo wote, akasema kweli kwa kinywa wazi, wala hakuona shida kuyaunganisha hayo mawili.

Katika Annexe dhuluma si ya askari peke yake. Mji unakua, mashamba yanakatwa kuwa viwanja, na mara nyingine shamba la mjane linauzwa kuwa lupango la mtu wa mjini, naye mjane akaja kuona mawe ya mpaka katikati ya mihogo yake. Aliyeuza huenda ni shemeji yake, tena huenda Jumapili amekaa benchi la mbele. Kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na kifungu cha 60 chasema kwamba kuheshimu haki za watu ni wajibu wa wakubwa na wa kila mtu pia. Habari ya Naboti na shamba lake la mizabibu haikuandikwa kwa ajili ya wafalme tu. Mjane huyo akitaka, yeye peke yake au pamoja na wenzake, aweza kuwaandikia wakubwa. Kifungu cha 27 kinawataka wamjibu katika miezi mitatu. Asiyejua kuandika amwombe katekista. Ni kazi ya huruma kama kumzika maiti.

Na yule mzee? Katekista aliyeulizwa swali lile Jumamosi hana budi kuvaa shati lake safi, kumchukua mama yule na mjomba mmoja, na kwenda. Asiende na kelele wala na bahasha. Asalimu, amwite mkubwa wa polisi shefu kama ipasavyo, kisha aulize mambo matatu: mzee ameshikwa kwa kosa gani alilolitenda yeye mwenyewe, aliingia saa ngapi, na atapelekwa lini kwa mwamuzi. Akifukuzwa, arudi kesho na mtu mwingine, na nakala ya Katiba mkononi. Siku mzee atakapotoka, atawasamehe waliomshika, na asiwapikie uwongo. Lakini kazi yake haitakuwa imekwisha. Itampasa kumtafuta mwanawe, pengine kwa ndugu zake kule Likasi, na kumwambia arudi kujibu shtaka lake. Kwa maana mwenye baiskeli naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na magunia yake ya makaa hayajapatikana bado.