Yusufu na Barua ya Kurudi Kazini

Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angella Kairuki alimkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watu 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na amri ikatoka palepale kwamba waondoke. Lakini uhakiki haukuishia kwa walioghushi. Katika halmashauri mbalimbali waliondolewa pia madereva, walinzi, wahudumu wa ofisi na watendaji wa vijiji ambao hawakumdanganya mtu. Waliajiriwa wakiwa na elimu ya darasa la saba, na mafaili yao yalisema hivyo tangu siku ya kwanza. Kilichowaponza ni sharti la kidato cha nne ambalo serikali iliwawekea waajiriwa wapya kuanzia Mei 20, 2004. Wao walikuwa ndani siku nyingi kabla ya sharti hilo, ila wakahesabiwa kana kwamba liliwakuta mlangoni.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2018, Waziri George Mkuchika alieleza bungeni kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe kazini na walipwe mishahara ya kipindi chote walichokaa nje.

Ilikuwa haki, na ni vizuri kusema wazi kwamba ilikuwa haki. Serikali chache hurudi nyuma kwa hiari kiasi hicho. Hata hivyo, barua ya kumrudisha mtu kazini inazua swali ambalo malimbikizo ya mshahara hayalijibu: mtu aliyeondolewa bila kosa akiitwa tena na yuleyule aliyemwondoa, deni limekwisha?

Vwawa ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Mbozi, na tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni makao makuu ya mkoa pia. Katika mji wa ofisi namna hii, mwenye cheki namba ya mshahara wa serikali anafahamika kila kona. Anamfahamu mwenye duka anayemkopesha sukari na sabuni hadi mwisho wa mwezi, anamfahamu mwenye nyumba, wanamfahamu wazee wa kanisa wanaojua ahadi yake ya jengo ni kiasi gani. Kibarua kikiota nyasi, habari inafika sokoni kabla mhusika hajafika nyumbani. Na mwaka 2017 maneno yaliyokuwa midomoni mwa watu yalikuwa mawili tu, vyeti feki. Nani angesimama gengeni kufafanua kwamba huyu aliondolewa kwa waraka na yule kwa kughushi?

Kwa hiyo anayerudi hakuti mambo pale alipoyaacha. Cheki namba inafunguliwa, jina linaingia tena kwenye mfumo wa mishahara. Lakini kwa dereva, funguo za gari ziko kwa kijana aliyeshika nafasi. Kwenye kitabu cha mahudhurio jina lake linaongezwa kwa kalamu chini ya orodha, baada ya wale waliomkuta kazini. Mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara haukumsubiri. Mtoto aliyerudishwa kutoka shule ya kulipia amekwishazoea shule nyingine. Na wenzake ofisini, wema kabisa, wanamsalimia kwa uangalifu wa mtu anayemsalimia mgonjwa.

Mahubiri yana jibu lililo karibu mno kwa hali hii, nalo ni Mwana Mpotevu. Mbozi ni nchi yenye Ukristo wa muda mrefu. Wamoraviani walifungua misheni hapa mwaka 1899, na mfano ule wa Injili ya Luka unajulikana hadi kwa watoto. Mwana anarudi, baba anamkimbilia, ndama aliyenona anachinjwa. Kuna hata neno la ajira ndani yake, maana kijana alikuwa amejiandaa kuomba apokewe kama mmoja wa vibarua wa baba yake. Ni rahisi kumvisha aliyerudishwa kazini vazi la yule kijana na kumwambia ashukuru.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Mwana mpotevu aliondoka mwenyewe, na mali aliitapanya mwenyewe. Mtumishi wa darasa la saba hakuondoka, aliondolewa. Anayemhubiria kama mpotevu anamhesabia dhambi ambayo hata aliyemwondoa amekiri kwamba haikuwapo. Msamaha ni tendo kubwa, lakini una mwelekeo: hutoka kwa aliyekosewa kwenda kwa aliyekosea. Ukigeuzwa, mnyonge anaombwa afanye kazi mbili, ya kuumia na ya kushukuru.

Kisa kinachomfaa zaidi ni cha Yusufu gerezani, nacho kinamilikiwa na kanisa na msikiti kwa pamoja. Katika kitabu cha Mwanzo, Farao anapomhitaji mtu wa kumfasiria ndoto, Yusufu anatolewa gerezani upesi, ananyolewa, anabadilishwa nguo na kupelekwa ikulu. Hakuna anayetaja kwa nini alifungwa. Mke wa bwana wake Potifa, aliyemsingizia, hatajwi tena. Yusufu anapanda cheo juu ya kesi ambayo haikusikilizwa kamwe.

Surat Yusuf inasimulia vingine. Mjumbe wa mfalme anapofika gerezani, Nabii Yusuf hatoki. Anamrudisha mjumbe kwa bwana wake, akamuulize kwanza habari ya wale wanawake waliokata mikono yao walipomwona. Mfalme anawaita wanawake, wanakana kumjua kwa ubaya wowote, na mke wa bwana wake anakiri kwamba yeye ndiye aliyemtaka. Ukweli ukishasemwa mbele ya mfalme, hapo ndipo Yusuf anatoka. Na akishatoka, ni yeye anayetaja kazi anayoiweza: awekwe juu ya hazina za nchi.

Mtu huyu alikuwa amekaa gerezani miaka kadhaa. Mlango umefunguliwa, na anachagua kukaa ndani muda zaidi ili jina lake litoke pamoja naye. Alijua kwamba kutolewa kwa hisani ya mfalme ni kubaki mtu wa kusamehewa, na kosa hakuwa nalo.

Lakini lipo jibu zito dhidi ya hoja hii, na halistahili kupuuzwa. Yusuf hakuwa na kodi ya nyumba. Mama mhudumu wa ofisi mwenye watoto wanne hawezi kuirudisha barua ya ajira na kudai kwanza mkutano wa kusafishwa jina. Ataipokea kwa mikono miwili, na atakuwa amefanya sawa. Kumdai ushujaa wa mitume mtu mwenye njaa ni ukatili mwingine.

Basi mzigo haumwangukii yeye. Unamwangukia anayeandika barua. Mwanafalsafa wa Israeli, Avishai Margalit, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu jamii yenye staha, aliipima jamii kwa taasisi zake: je, zinawadhalilisha watu wanaozitegemea? Kipimo hicho kinaingia hadi masijala ya halmashauri. Barua inayosema tu kwamba fulani aripoti kituo chake cha kazi ina haki ndani yake na ukimya ndani yake. Sentensi moja zaidi, kwamba kuondolewa kwake hakukutokana na kosa lake, haigharimu hazina hata shilingi. Ikisomwa mbele ya wafanyakazi wenzake, mwenye duka atazisikia habari zake kwa njia ileile iliyompelekea zile za kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa iliona mbali upande wa fedha. Aliyeachishwa isivyo haki angeweza kurudishwa bila kupoteza mshahara, au kuajiriwa upya kwa masharti, au kulipwa fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Ilimwachia pia mwajiri asiyetaka kumwona tena mtu huyo njia ya kulipa badala ya kumrudisha. Tamko la ukweli halikuwekwa kwenye orodha, na labda si kazi ya sheria kulilazimisha. Ndiyo maana swali hili limebaki mikononi mwa dini na maadili.

Si kila anayepunguzwa kazini ameonewa. Mashamba ya kahawa ya Mbozi huwahitaji wachumaji wengi msimu wa mavuno, wanaolipwa kwa debe, kisha wengi hawahitajiki tena. Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa muda Mei 2020 kwa sababu ya korona, malori yalijazana Tunduma na riziki nyingi zikasimama bila mtu wa kulaumiwa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita hapa Vwawa. Ilipunguza wafanyakazi wengi miaka ya 1990, mizigo ilipohamia njia za kusini baada ya siasa za Afrika Kusini kubadilika. Kwa watu kama hawa anachodaiwa mwajiri ni kuwakumbuka. Shirika la Kazi Duniani lilisema hivyo katika Pendekezo lake Na. 166 la mwaka 1982: walioachishwa kwa sababu za kiuchumi wapewe kipaumbele mwajiri yuleyule anapoajiri tena watu wenye sifa kama zao, mradi walieleza kwamba wanataka kurudi. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya China, CCECC. Vibarua vipya vitakapoanza kuitwa katika stesheni za Songwe, itaonekana kama kuna aliyetunza orodha ya majina.

Gerezani kwa Yusufu kulikuwa na mtu mwingine, naye anahusika zaidi na mada hii kuliko Yusufu mwenyewe. Ni mnyweshaji wa Farao. Alifukuzwa, akafungwa, na siku ya kuzaliwa kwa Farao akarudishwa kwenye kazi yake ileile, kikombe mkononi. Mwoka mikate aliyefungwa pamoja naye akatundikwa. Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwa nini mmoja alirudi na mwingine akafa. Yusufu alikuwa amemwomba jambo moja tu, amtaje kwa Farao. Mnyweshaji alisahau kwa miaka miwili.

Ni rahisi kumlaumu, na ni rahisi pia kumwelewa. Aliyerudishwa bila kuelezwa sababu anaweza kuondolewa tena bila kuelezwa sababu, na mtu wa namna hiyo hafumbui mdomo kumtetea mwenzake. Mstari wa mwaka 2018 ulikuwa tarehe: aliyeajiriwa wiki moja kabla ya Mei 20, 2004 aliingia ndani ya tangazo, aliyeajiriwa wiki moja baada yake, akiwa na darasa la saba lilelile na mikono ileile, hakuingia. Mnyweshaji alipofumbua mdomo hatimaye mbele ya Farao, alianza kwa kutaja makosa yake mwenyewe, ndipo akasimulia habari za kijana aliyemwacha gerezani. Katika mikutano ya wafanyakazi wa halmashauri, anayeweza kusimama na kuuliza habari za waliobaki upande wa pili wa tarehe ni yule aliyewahi kuambiwa aende nyumbani, na anayemwandikia barua ya kurudi anaweza kumpa au kumnyima ujasiri huo kwa sentensi moja.