Kome Aliyefunga

Maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi, na kwa kome wa mtoni jina hilo ni sharti la kuishi. Kome hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hupoa maji yakipoa, hupata moto yakipata moto.

Nimetunga kisa ili nifundishie. Kijana mmoja wa Kilosa aliachiwa na babu yake shamba kando ya kijito kinachomwaga maji katika mto Mkondoa. Ukingoni ilisimama mikuyu, chini yake matete. Kijana akapiga hesabu, akaona kivuli kinamnyima matuta manne ya nyanya. Bibi yake, ambaye huokota magamba ya kome pale ya kulainishia vyungu, alimsihi: "Mjukuu wangu, bakiza hata ule unaoinamia maji." Akaitika kwa adabu, "Sawa, bibi," kisha akaufyeka nao.

Mwaka ule nyanya zilimpa fedha, na kijito kilionekana kimenufaika. Hapo ndipo penye mtego. Joto likipanda kiasi, kome hafi, huchangamka. Moyo hupiga haraka, huchuja maji mengi zaidi na kula, hujikokota kwa mguu wake mmoja akiacha mchirizi mchangani. Angekuja mgeni angesema kijito kimepata uhai mpya. Lakini mwili unaokwenda mbio hudai oksijeni nyingi, na maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoishika kidogo: kwa nyuzi 20 ni takriban miligramu 9 kwa lita, kwa nyuzi 30 ni 7.5 hivi. Mdai anaongeza deni huku mfuko unapungua.

Oktoba, kabla ya vuli, maji yalifika kifundo cha mguu. Kome wakafunga magamba. Aliyefunga hachuji chakula wala hapati hewa ya kumtosha. Huishi kwa akiba ya mwili wake akingoja. Wapo kome wa Afrika wanaojizika topeni kungoja mvua, lakini hata wao wanahitaji tope lisilookwa na jua. Wala watoto wa kuziba pengo wasingepatikana kwa urahisi, kwa kuwa kome mchanga huanza maisha akijishikiza kwa samaki, na samaki walishateremkia penye kina. Kila asubuhi kijana alichota maji katikati ya kome hao, akawaona wametulia kama mawe.

Kisa nimekitunga, ila sikwenda mbali. Ukitoka mji wa Mikumi kuelekea Ifakara unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu. Huko juu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima hadi 1993, ulipoanza kukatika kila kiangazi kwa sababu maji yalikuwa yakichepushwa Usangu. Vikabaki vidimbwi, viboko na samaki wakibanana katika maji ya vuguvugu. Waliochepusha hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na mfereji wake na watoto wa kulisha, na hilo ndilo linalonitia hofu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi hudhani mita hizo ni za kuzuia udongo usimomonyoke tu. Mimi naziona pia kuwa ni kivuli cha mto.

Vuli ilichelewa wiki tatu. Bibi akashuka kijitoni na ungo wake. Safari hii hakuchimba: magamba yalikuwa wazi juu ya mchanga, mengi kuliko aliyowahi kuyaona kwa siku moja. Kijana akainama kumsaidia, amefurahi kweli kwa ajili yake.

"Bibi, leo umebahatika."

Bibi alilipangusa gamba moja kwa kidole gumba, akalitazama ndani, kisha akauweka ungo chini ukiwa mtupu.