Sindano ya Kufunga

Kwetu Litapunga ukisikia mwanamke kachoma sindano, huulizi ya nini. Ni ile ya miezi mitatu, ya kupumzisha uzazi. Na Katavi haina sifa ya kukosa watoto: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 uliutaja mkoa wetu kuwa wa kwanza nchini kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Sasa jaribu kuwa mgumba hapo.

Wifi yangu alijaribu miaka tisa. Msimu mmoja tumbaku ikalipa, kaka akaongezea ng'ombe wawili, wakapanda treni Mpanda, safari ya Dar, kutafuta upandikizaji. Dawa ya kwanza aliyochomwa ilikuwa ya kuzima ovari.

Usishangae, ina sababu. Ubongo huiagiza tezi ya pituitari, tezi ikaamsha ovari. Ovari hukuza mayai na kutengeneza estrojeni, na yai likishatoka, projesteroni. Mnyororo huo ukiachwa huru, mayai yanaweza kupevuka na kutoka kabla daktari hajayavuna. Kwa hiyo unakatwa juu kabisa. Dawa za aina aliyopewa huichochea tezi kwanza, kisha zikaichosha mpaka inanyamaza. Estrojeni hushuka kama ya mwanamke aliyekoma hedhi. Ndipo huja sindano nyingine za kukuza mayai, na baadaye projesteroni ya kupewa, maana ovari peke yake haitatoa ya kutosha kushikilia mimba. Siku hizi zipo dawa zinazoizuia tezi ndani ya saa chache, bila kuichochea kwanza.

Yeye hakuambiwa lolote kati ya hayo. Aliambiwa "itasaidia." Basi usiku akaanza kuungua joto la ghafla, jasho linalowesha shuka, usingizi hakuna. Ana miaka 31. Akajua amekwisha, na kwamba Mungu anamwadhibu kwa jambo analolijua mwenyewe. Wiki mbili alibeba hilo peke yake.

Wapo watakaosema muuguzi alifanya huruma: angejua anafungwa, angekimbia. Labda kweli. Lakini huruma gani hiyo inayomwachia mtu aungue akidhani ni dhambi zake? Na ile karatasi aliyotia sahihi, alikubali nini hasa? Alikubali mtoto. Kuzimwa hakukubali, kwa sababu hakukujua. Maelezo yale yangechukua dakika tano, Kiswahili kipo.

Mimba haikushika. Mwezi uliofuata hedhi ikaja yenyewe, bila dawa yoyote, akanipigia simu usiku akicheka: "Wifi, kumbe sijakwisha!"

Mama hajaambiwa mpaka leo ile sindano ya kwanza ilikuwa ya nini. Najua atasema tuliuza ng'ombe ili mkwewe afungwe. Utaniuliza mbona namlaumu muuguzi kwa kuficha na mimi naficha. Ng'ombe walikuwa wa mama, ndiyo. Ovari si zake.