Kilomita 32 na Elimu ya Ghaibu

Kijana wa Ibra, mji wa Sharqiyah nchini Oman, akishachomelea paipu za chuma, akafunga mota ya umeme nyuma ya kiti na kupanga betri chini yake, wenzake watamuuliza jambo moja kabla ya yote: gokati hii inakimbia kiasi gani? Naye anaweza kuwajibu kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Hapo mzee aliyekaa pembeni hukohoa kidogo: “Sema inshallah, mwanangu.”

Mzee ana hoja. Surat al-Kahf inamkataza mtu kusema kwamba kesho atafanya jambo fulani bila kulifunga kwenye matakwa ya Mungu. Mwisho wa Surat Luqman unataja mambo ambayo Mungu pekee ndiye ayajuaye, na miongoni mwake ni kile ambacho nafsi itachuma kesho. Je, anayetaja kasi ya chombo ambacho hakijatoka uani ameingilia eneo hilo?

Tuangalie kwanza anachokisema. Tuchukue mota ya volti 48 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Gia yake ndogo ina meno 11, na ile kubwa kwenye ekseli ya nyuma ina meno 55, kwa hiyo ekseli huzunguka mara 600. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 28 hutembea takriban sentimita 88 kila mzunguko. Zidisha, geuza dakika kuwa saa, utapata karibu kilomita 32 kwa saa. Mota ikibeba mzigo hupungua mizunguko, basi hiyo ni dari, na kwenye barabara tambarare gokati itakuwa chini yake.

Hesabu hiyo ni ya gia tu. Ya pili, ambayo wengi huiruka, ni ya nguvu. Gokati na dereva wake wakiwa na kilo 130 pamoja, kuushinda upepo na msuguano wa matairi kwa kasi hiyo kunahitaji chini kidogo ya wati 500. Kijana akitaka kuiongeza kasi mara mbili, atahitaji nguvu karibu mara tano, kwa sababu nguvu inayoliwa na upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kubadilisha gia peke yake hakutamfikisha huko. Jibu la kweli ni lile lililo dogo kati ya hesabu hizi mbili.

Katika yote hayo, kesho haijatajwa. Hakusema, “Kesho nitakimbia kilomita 32.” Alisema kwamba chombo hiki, kwa gia hizi na betri hizi, hakiwezi kupita hapo. Ya kwanza ni ahadi, na inastahili inshallah. Ya pili ni habari ya vitu vilivyo mbele ya macho yake leo.

Mwenye kufuatilia ilmu al-kalam, elimu ya mijadala ya itikadi, atauliza zaidi: ni nani aliyesema mnyororo lazima uvute? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba pamba kuungua inapoguswa na moto si jambo la lazima, bali ni desturi aliyoiweka Mungu. Lakini aliuona mtego. Aliwataja wapinzani watakaomwambia kwamba kwa kauli hiyo mtu aliyeacha kitabu nyumbani hana hakika kama hakijageuka farasi na kuichafua maktaba kwa kinyesi. Jibu lake lilikuwa kwamba Mungu ametuumbia pia ujuzi kwamba mambo hayo, ingawa yawezekana, hayatokei. Kwa hiyo hata kwa Ghazali, meno 11 kwa 55 ni tano kwa moja, na kijana apige hesabu yake bila wasiwasi.

Mji wa Nizwa ulilijua hilo bila mjadala. Falaj Daris, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006 pamoja na aflaj nyingine nne, ni mmoja wa mifereji ya Oman ambayo maji yake hugawanywa kwa zamu. Kabla ya saa za mkononi, zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na kipimo kiitwacho athar kilikuwa kama nusu saa. Mkulima alijua mapema maji yatamfikia wakati gani. Kama mvua ingenyesha mlimani au la, hilo alimwachia Mola mwenyewe. Katika mji uliokuwa kiti cha maimamu wa Kiibadhi, upimaji huo ulihesabiwa kuwa ni kulinda haki za watu.

Ujuzi wa namna hii huja na wajibu. Maulamaa wa Kiibadhi wa Oman, miongoni mwao Nuruddin as-Salimi, aliyeishi Sharqiyah na kufariki mwaka 1914, wanafundisha kwamba matendo ya waja huumbwa na Mungu, na mja huyachuma. Kuchuma huku ndiko kunakomfanya aulizwe. Sheria nayo iko wazi: anayeua kwa makosa hudaiwa diya na kafara, kama ilivyo katika Surat an-Nisaa, hata kama kila mtu msibani atasema ilikuwa kadari.

Ndiyo maana inshallah inayotumika mahali pa breki inatia shaka. Msimu wa joto wa Sharqiyah hupandisha kipimajoto hadi nyuzi 45 na zaidi, na betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa katika joto hilo. Kwenye mchanga wa Bidiyah hesabu hubadilika kabisa: nguvu ya kuisukuma gokati huongezeka mara kumi au zaidi, na mota hiyo hiyo inaweza kubaki pale pale ikichemka. Yote hayo yanakadirika. Breki za kawaida zitaisimamisha gokati ya kilomita 32 ndani ya kama mita 10. Kwa kilomita 64, breki zile zile zitahitaji karibu mita 40, na kijana mwenye kalamu na karatasi anaweza kulijua hilo kabla ya kumruhusu mdogo wake akae kwenye kiti.