Bahati Isiyo na Mwenyewe

Tuseme maturubai 80 yamefika Mubi, mashariki mwa Kongo, na kaya za wakimbizi wa ndani zilizoandikwa ni 300. Sarafu ya kurusha hakuna, maana faranga tunayoishika Kongo ni noti tupu. Mgawaji anafungua kompyuta, na kwa vile Excel ya huku ni ya Kifaransa, anaandika ALEA, amri ya namba ya bahati, mbele ya kila jina. Kila kaya inapewa namba yake, orodha inapangwa upya, na wa juu 80 wanapokea. Wa 81 atauliza: nani amepanga?

Swali hilo si la ujinga. Mubi ilikua kwa kasiteriti, madini ya bati, iliyobebwa mgongoni kutoka machimbo ya Bisie, ikapita vizuizi vya wenye silaha, na aliyelipa pale anajua kwamba hasara huwa na mwenyewe. Na kompyuta, kusema kweli, haibahatishi, inakokotoa. Mwanahisabati John von Neumann, miaka ya 1940, alitumia njia hii kupata namba za bahati: chukua 1234, izidishe kwa yenyewe, upate 01522756, ushike tarakimu nne za katikati, 5227. Rudia: 3215. Zinaonekana kama zimeokotwa tu, lakini anayejua namba ya kuanzia anazijua zote. Ukianza na 3792 ni balaa: jibu ni 14379264, katikati 3792, na utazunguka hapohapo hadi uchoke. Programu za leo ni hodari kuliko hiyo mara nyingi, ila nazo zina pa kuanzia.

Bahati isiyo na chanzo ipo, ndani ya mawe. Atomu ipi ya urani itavunjika sasa, hakuna ajuaye. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyolisha mradi wa bomu la atomiki la Marekani, lakini kwenye maabara ya mradi huohuo, Los Alamos, von Neumann na mwanahisabati mwenzake Stanislaw Ulam walitumia namba za kukokotoa baada ya Vita Kuu ya Pili. Von Neumann alizipenda kwa sababu hesabu ikirudiwa huleta namba zilezile, na kosa hukamatika.

Hapo ndipo ninapoegemea. Kwenye Excel, ukibonyeza F9 namba zote hubadilika. Mgawaji anaweza kubonyeza hadi shemeji yake apande juu. Mwanahisabati akiipima ile orodha ya mwisho hataona dosari. Wizi umo katika idadi ya mibonyezo. Kwa hiyo bahati ninayoitaka haikai ndani ya namba, iko kati ya watu: aliyeona matokeo asiwe na nafasi ya kuyageuza. Namba ya kuanzia ikitajwa hadharani kabla, na mtoto yeyote wa sekondari akaweza kurudia hesabu, chanzo kinaweza kuwepo bila kumdhulumu mtu. Mradi wa maendeleo wa Tuungane, ulioanza mwaka 2007 mashariki mwa Kongo, ulichagua vijiji kwa kura za hadharani, na wasiochaguliwa walikuwa na cha kushuhudia.

Lakini kura haioni. Mama mwenye kichanga na kijana wa peke yake, mbele ya ALEA, ni mistari miwili tu. Ninashuku kamati zinazokimbilia kompyuta mapema mno: mara nyingi hazikimbii upendeleo, zinakimbia kumtazama mtu usoni na kumwambia kwamba jirani yake ana shida zaidi. Vichanga vipewe kwanza, kwa macho na kwa majina. Maturubai yatakayobaki ndiyo yapigiwe kura.