Bidii na Ukweli Katika Kazi ya Kuuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni la kweli kwa embe na kwa nguo, maana embe hunuswa na nguo hupapaswa, na mnunuzi hana haja ya wakili baina yake na kitu akitakacho. Lakini ziko bidhaa za zama hizi ambazo hazinuswi wala hazipapaswi. Programu ya kuweka hesabu za duka haina harufu. Wema wake na ubaya wake hudhihiri baada ya miezi, fedha zikiwa zimekwisha kulipwa, na madaftari ya zamani yamekwisha kuwekwa kando. Bidhaa ya namna hii, hata ikiwa njema kupita kiasi, haiwezi kujiuza. Yataka kutembezwa, na wa kuitembeza ni mtu mwenye ulimi.

Kwa kazi hiyo kampuni za kompyuta huajiri vijana, na aghalabu kijana anayepokewa si fundi wa kitu anachokiuza. Hupewa majina ya watu asiowajua, hupewa simu na maneno ya kuanzia, hupewa na hesabu ya wateja anaotakiwa kuwapata kabla ya mwezi kwisha. Sehemu ya ujira wake hufuata hesabu hiyo. Mlangoni mwa kazi hii haulizwi sana anajua nini; huulizwa kama ana bidii, na kama aweza kukataliwa mara kumi akarudi mara ya kumi na moja. Je, bidii peke yake yatosha kumfanya mtu kuwa muuzaji mwema? Na aliye mgeni wa bidhaa aweza kuisifu bila ya kusema uongo?

Tutazame maisha ya mtu aliyeipita njia hii zamani. Thomas J. Watson alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la New York, Marekani. Ujanani alitembeza piano na cherehani, kisha akafungua duka la nyama katika mji wa Buffalo, nalo halikudumu. Dukani mlikuwa na mashine ya kuwekea na kuhesabia fedha, iliyonunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Alipokwenda katika ofisi ya kampuni ya National Cash Register ili deni la mashine lihamishiwe kwa mwenye duka mpya, alimwomba kazi meneja, John J. Range. Alikataliwa, akarudi, akakataliwa tena, akarudi tena, hata mwezi wa Novemba 1896 akapokewa kuwa mwanagenzi.

Majuma ya kwanza hakuuza kitu. Range alimkemea kwa maneno makali, kisha akafanya jambo lenye faida kuliko kukemea: alifuatana naye kwa wateja akamwonyesha kazi kwa vitendo. Mashine ile ilikuwa ufundi mpya wa siku zile. James Ritty wa Dayton, Ohio, alipata hataza yake mwaka 1879, na shabaha yake ilikuwa kuzuia fedha za duka zisiibwe na watumishi. John H. Patterson, aliyeinunua kampuni mwaka 1884, aliamini kwamba kuuza hufundishika, na mwaka 1887 maneno ya mmoja wa wauzaji wake hodari yaliandikwa yakawa kitabu cha kukaririwa na wengine. Kijana wa leo anayesoma maneno aliyoandikiwa huku ameshika simu anafuata desturi kongwe.

Kama hadithi ingekoma hapa, ingekuwa sifa tupu za bidii. Walakini haikukoma. Mwaka 1903 Watson alipewa fedha za kampuni ili afanye biashara ya mashine kuukuu, akijidai kuwa biashara ni yake mwenyewe, na kusudi lilikuwa kuwavunja washindani. Mwaka 1912 yeye, Patterson na wenzao walishtakiwa kwa sheria ya kuzuia ukiritimba, na mwaka 1913 wakatiwa hatiani. Mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1915, na Watson hakufungwa. Wakati huo alikuwa amekwisha kuingia katika kampuni nyingine, ambayo mwaka 1924 iliitwa IBM.

Mahakama imekwisha kusema lake, lakini swali la dhamiri limebaki. Aliyerudi mara kwa mara mlangoni kwa Range na aliyefanya biashara kwa kujificha ni mtu mmoja, na bidii yake ni ile ile. Hii yaonyesha kuwa bidii haina wema wala ubaya wa asili. Ni kama upepo: hulifikisha jahazi bandarini, na hulipiga mwambani. Usukani ni kitu kingine, na usukani wa muuzaji ni ukweli.

Pengine msomaji atasema kuwa ukweli ni anasa ya mwenye shibe, na kijana mwenye kodi ya nyumba na wazazi wa kutunza hawezi kuinunua. Hoja hii si ya kudharauliwa. Kusema kweli kwaweza kumpotezea kamisheni, hata kazi yenyewe. Lakini na atazame gharama ya upande wa pili. Mwenye duka aliyedanganywa hupoteza akiba yake, naye hakuwa na njia ya kuupima uongo ule. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi George Akerlof alieleza kwamba muuzaji akijua asilolijua mnunuzi, shaka ya mnunuzi hushusha bei ya kibaya na kizuri pamoja, hata wenye vizuri wakajitoa sokoni. Basi mwongo humwibia mnunuzi, na humwibia pia muuzaji mkweli atakayebisha hodi baada yake.

Kwa hiyo mwanagenzi hatakiwi kujua kila kitu, bali hatakiwi kujidai kuwa anajua. Akiulizwa asilolijua, na aseme, “Sijui, nitamwuliza fundi nikuletee jawabu,” kisha alilete. Akiona kuwa bidhaa haimfai mtu, na amwambie. Mwajiri amemkodi ulimi wake kwa saa za kazi, hakumnunua dhamiri. Na mwajiri anayemdai dhamiri pamoja na ulimi, ni heri kijana ajue hivyo katika mwezi wa kwanza kuliko mwaka wa kumi, maana mwezi wa kwanza tabia bado ni udongo mbichi, na mwaka wa kumi imekwisha kuwa chungu kilichochomwa.