Je, Msafiri Ana Deni Gani Njiani?

Wako watu wanaoyapenda magari ya zamani kama sisi tupendavyo migomba ya baba zetu. Huyatengeneza kwa mikono yao, huyang'arisha, kisha hukusanyika na wenzao wakasafiri nayo katika nchi zisizo zao. Hawafanyi biashara, wala hawana haraka. Makundi ya namna hiyo yanapotajwa, swali huzuka barazani: Je, ni haki mtu kutumia fedha nyingi kwa furaha tu, huku akipita mbele ya watu waliokosa nauli ya kwenda hospitali? Twapenda kulitazama swali hili bila hasira.

Kwanza, jambo lenyewe si geni kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Luteni Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, katika pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miezi 20, maana barabara hazikuwapo. Palipokuwa na mto au mchanga, watu walilivuta gari kwa kamba. Vitabu vimelihifadhi jina la dereva, lakini walioshika kamba hatuambiwi majina yao.

Baadaye, mwaka 1953, yakaanza mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Katika mashindano hayo wanakijiji waliingia topeni kuyasukuma magari. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano ya magari ya kale, ambamo wageni kutoka Ulaya na kwingineko huja na Ford Escort, Datsun na Porsche za zamani. Huanzia Kenya, na mara kadhaa yamevuka mpaka hadi kwetu Tanzania.

Wenye kulalamika wana hoja, nasi hatuna budi kuisikiliza. Sisi pia tumepanda magari makuukuu, lakini si kwa mapenzi. Miaka ya mwanzo ya 1980 spea hazikupatikana, na mafuta yalikuwa haba hata magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Fundi alifunga springi kwa mpira, abiria wakashuka kusukuma kila kilima. Basi, uchakavu uliokuwa taabu yetu, mwingine aununua kwa fedha nyingi na kuuita starehe. Je, si dhihaka?

Twaona si dhihaka. Furaha ya safari si dhambi, na sisi watu wa Kilimanjaro tungekuwa wa mwisho kuihukumu. Kila Desemba ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hupanda mlima kuja nyumbani. Nauli huwa ghali, fedha ya miezi mingi huisha kwa siku chache, na majirani wa mikoa mingine hutucheka. Twawajibu nini? Twawaambia kwamba safari hiyo yatuunganisha na wazee wetu, makaburi yetu na majirani wa utotoni. Kama hilo ndilo jibu letu, basi kipimo hicho hicho tukitumie kwa mgeni. Tusimwulize tu ametumia shilingi ngapi. Tumwulize pia kama safari yake yamwunganisha na watu, au yamtenga nao.

Hapa gari kuukuu lina fadhila moja ambayo jipya halina: huharibika. Mwenye gari jipya hupandisha vioo Himo asivishushe mpaka Tarakea, maana lami iko na hahitaji hata maji. Mwenye gari la kale rejeta ikichemka, hulazimika kusimama, kubisha hodi na kuomba. Tajiri amegeuka mhitaji, na mwenye ndoo ya maji amekuwa mkubwa wake kwa dakika chache. Twaamini kwamba hiyo ndiyo faida halisi ya safari ya namna hii. Anayefuatwa na lori la spea na mafundi wake mwenyewe ana busara, hatumlaumu. Lakini akijipanga asimhitaji mtu yeyote njia nzima, ameiona nchi bila kukutana na wenyeji wake.

Basi deni la msafiri ni lipi? Apunguze mwendo penye shule na soko. Asirushe pipi wala sarafu dirishani, maana mtoto huikimbilia bila kutazama magari yajayo nyuma. Akisaidiwa, aulize jina la aliyemsaidia. Akitengenezewa, alipe ujira wa haki, si masalio ya mfukoni.

Nasi wenyeji tuna deni letu. Kulitoa gari la mtu mtaroni ni msaada. Kumpangia bei akiwa bado mtaroni ni kumwibia kwa adabu. Kutwa nzima chini ya injini ni kazi, na kazi ina malipo, wala fundi asione haya kuyataja. Tofauti hii yafaa vijana waijue. Lakini jambo linalotuumiza zaidi sisi tuliofundisha ni mtoto anayenyoosha mkono kila aonapo mgeni kabla hata ya kumwamkia. Mkono huo hakuzaliwa nao. Alijifunza, na sisi watu wazima tulikuwapo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji aombe. Mtoto anayejua kumsalimu mgeni, kumwonyesha njia ya Mkuu na kumtajia jina la kijiji chake, amemkaribisha kama mwenye nyumba.

Walioshika kamba za Graetz hatuwezi tena kuwauliza majina yao. Wanaopita leo twaweza kuwauliza yao, na kuwatajia yetu kabla injini haijawaka tena. Hilo halina gharama kwa upande wowote, na bila hilo hata ujira mkubwa hauwezi kulimaliza deni la njiani.